Maswali na Majibu: Kufika Thane na Kuzunguka Humo

Barua za safari hii zinahusu mji mmoja, Thane, ulio kaskazini-mashariki ya Mumbai katika jimbo la Maharashtra, ambako baadhi ya wasomaji wetu wana ndugu wanaosoma, wanaofanya kazi au wanaotibiwa.

Swali (Dar es Salaam): Ndugu mwandishi, nitashuka Mumbai kwa ndege alfajiri nikiwa na masanduku mawili, na shemeji yangu anakaa Thane. Nipande teksi au treni?

Jibu: Panda teksi, na ulipie kabisa kwenye dirisha la malipo ya awali kabla hujatoka nje ya uwanja. Alfajiri barabara ya Eastern Express ni nyeupe na kwa kawaida utafika kabla saa moja haijatimia, ilhali safari hiyohiyo ukiianza saa kumi na moja jioni unaweza kuimaliza usiku. Njia ya reli nayo ipo: tangu Oktoba 2024 metro ya Line 3 ina kituo Terminal 2, jengo la abiria la uwanja wa ndege, na ukisogea kituo kimoja tu hadi Marol Naka unabadilisha kuingia Line 1, inayokupeleka Ghatkopar, ambako unapanda treni ya njia ya reli iitwayo Central hadi Thane. Ningemshauri njia hiyo mtu mwenye begi la mgongoni anayesafiri asubuhi, kwa sababu wakati huo umati unaelekea Mumbai naye anatoka huko. Jioni, kuingia treni pale Ghatkopar na masanduku mawili ni jambo ambalo simtakii mgeni yeyote.

Swali (Mombasa): Shikamoo. Mama yangu anatibiwa saratani katika hospitali ya Tata Memorial, mtaa wa Parel huko Mumbai, nasi tumepanga chumba Thane. Anaweza kupanda hizo treni ambazo watu huonekana wakining'inia milangoni?

Jibu: Marahaba, na Mungu ampe mama shifaa. Anaweza, mradi mchague saa na behewa. Kati ya saa mbili na saa tano asubuhi treni zinazokwenda Mumbai hujaa hata mtu mzima mwenye afya akakosa pa kushika, na kuanzia saa kumi na moja jioni hali huwa hivyohivyo kwa zinazorudi. Kwa hiyo ombeni miadi ya mchana ikiwezekana. Ikiwa daktari anamtaka asubuhi, ondokeni kabla ya jua kuchomoza, au siku hiyo mkodi teksi bila kujilaumu kwa gharama.

Treni ziko za aina mbili, zinazosimama kila kituo na zinazoruka vituo. Ya kwanza ndiyo inayowafaa, kwa kuwa inasimama Parel penyewe, na tena baadhi yake huanzia Thane, hivyo mnaikuta na viti vitupu. Kila treni ina behewa dogo lililotengwa kwa watu wenye ulemavu na wagonjwa wa saratani. Chukueni vyeti vya hospitali, maana mtu asiyeonekana mgonjwa huulizwa. Yako pia mabehewa ya wanawake, yenye picha ya mwanamke ubavuni. Muulizeni mama yeyote aliyesimama jukwaani behewa mnalolitaka husimama wapi, kisha mngojee hapo hapo, kwa sababu treni hukaa kituoni kama nusu dakika tu na hamtakuwa na muda wa kuitafuta milango. Msimwache mama asimame mlangoni hata kama upepo unampendeza. Juni 2025 abiria walianguka kutoka treni zilizojaa karibu na Mumbra, mbele kidogo ya Thane, na baadhi yao wakafa.

Tiketi ya daraja la pili kutoka Thane hadi Mumbai haifiki rupia 20. Ya daraja la kwanza ni ghali zaidi, na mabehewa yake yana milia ya mshazari. Ukiingia humo na tiketi ya daraja la pili utatozwa faini, uwe mgeni au mwenyeji.

Swali (Kampala): Bajaji za huko zinapatana bei au zina mita?

Jibu: Zina mita, na tangu Februari 2025 nauli ya kuanzia ni rupia 26. Zipo pia za kuchangia, ambazo abiria hupanga foleni nje ya stesheni na kila mmoja hulipa nauli yake kama kwenye daladala. Kumbuka kwamba bajaji haziruhusiwi kuingia Mumbai ya kusini.

Swali (Muscat): Ninakwenda Julai, na nina siku moja tu ya kutoka Thane kwenda Mumbai, Jumapili. Kuna la kuhofia?

Jibu: Mawili. Mvua za Juni hadi Septemba hufunika reli katika sehemu za chini kama Kurla na Sion, na zikizidi treni husimama. Tarehe 26 Julai 2005 zilinyesha milimita 944 kwa siku moja na jiji zima likakwama. La pili ni kwamba Jumapili ndiyo siku ya matengenezo ya njia, ambapo kwa saa kadhaa za mchana treni huchelewa au huhamishiwa reli nyingine. Tangazo hutolewa mapema, kwa hiyo lisome Jumamosi, kisha uondoke asubuhi na kurudi jioni.

Swali (Arusha): Nikiwa na nusu siku Thane, nitembelee nini?

Jibu: Anza na stesheni yenyewe, kwani ndipo treni ya kwanza ya abiria ya India ilipofika tarehe 16 Aprili 1853, baada ya mwendo wa kilomita 34 kutoka Bori Bunder, Mumbai. Toka upande wa magharibi utembee kwa miguu hadi ziwa Masunda, ambalo wenyeji huliita Talao Pali, lenye hekalu la Kopineshwar kando yake. Ukifika jioni utakuta familia zimejaa ukingoni, na mashua za kukodi ziko majini.