Kupakua ni kwa chungu au kwa simu?

Swali: Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni mama, naishi Wete, mwanangu yuko Unguja anasoma. Juzi simu yangu iligoma kufungua WhatsApp. Nikampigia, akanambia, "Mama, ipakue tena." Nikamuuliza nipakue nini na chungu bado kiko mekoni? Akacheka. Halafu nikamsikia anamwambia mwenzake kuwa "amepakua" picha za harusi ya binamu yake Instagram, yaani amezitia huko watu wazione. Sasa mwalimu, kupakua ni kutia au kutoa? Na wali ukipakuliwa chungu hupungua, mbona picha hizi hazipungui? Na hili neno "kusasisha" limetoka wapi? Mimi skuli sikulisoma.

Jawabu: Wa alaykum salaam, mama. Alipokwambia uipakue WhatsApp tena, mwanao alisema sawasawa. Kwenye picha za harusi ndipo alipokosea. Zile hakuzipakua, alizipakia.

Neno hili lina makaazi mawili ya zamani, jikoni na bandarini. Jikoni unalijua kuliko mimi: unachukua upawa, unautoa wali chunguni, unautia kwenye sinia. Bandarini, jahazi hupakiwa magunia ya karafuu hapo Wete, likifika bandari ya Malindi, Unguja, magunia yakapakuliwa. Kila mahali kupakua ni kukitoa kitu kilimowekwa na kukileta kwa wanaokitaka. Kupakia ni kinyume chake. Ile sauti ya "u" inayoingia mwishoni mwa kitenzi ndiyo inayokigeuza, na wewe mtu wa Pemba huitumia kila msimu bila ya kufundishwa: asubuhi unaanika karafuu jamvini, wingu likitanda unakimbilia kuzianua. Ni njia ile ile ya kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua, kubandika karatasi ukutani na kuibandua.

Tuyalete haya kwenye simu. Chukulia mtandao ndio jahazi na simu yako ndiyo gati. Kinachotoka kwako kwenda mtandaoni unakipakia. Kinachotoka mtandaoni kuja kwako unakipakua. Video ikitumwa kwenye kundi la familia, mara nyingi kabla hujaifungua utaona kishale kinachotazama chini, na pembeni yake tarakimu za ukubwa wake kwa MB. Ukikibonyeza kishale hicho, unapakua. Mwanao alipochagua picha za harusi kwenye simu yake akazipeleka Instagram, alikuwa anapakia shehena. Wewe uliyezitazama ukazihifadhi kwako, ndiye uliyepakua.

Vijana kuchanganya hapa sishangai. Gatini siku hizi husikii sana "kupakua". Mahamali husema kushusha au kuteremsha mzigo. Kwa hiyo mtoto aliyekulia mjini amelisikia neno jikoni, kisha akakutana nalo kwenye simu, lakini hakupata kuliona likikaa ubavuni mwa mwenziwe "kupakia". Maneno haya yalizaliwa pacha, na ukimjua mmoja tu ni rahisi kumwita kwa jina la mwengine.

Kosa hili lina gharama, nami nimeiona kwa macho yangu. Msichana wa jirani yetu alikuja kwangu na simu yake, anajaza maombi ya kazi kwenye ukurasa wa taasisi moja. Sehemu moja iliandikwa "Pakua cheti chako hapa". Akabonyeza, likafunguka dirisha la mafaili ya simu yake mwenyewe. Akalifunga, akabonyeza tena. Alidhani kuna cheti atakachopewa, na yeye hakuna aliyempa. Nusu saa nzima ilipita, na siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kupokea maombi. Walichokitaka ni apeleke cheti chake cha Kidato cha Nne. Neno lilikuwa "pakia". Mwenye kuandika maelekezo ya umma hana ruhusa ya kukosea hapa, kwa sababu anayesoma hana pengine pa kuuliza.

Sasa suala lako la chungu. Ni zuri, na wengi wamelitumia kulikataa neno hili. Ni kweli, ukipakua wali chungu hupungua, na jahazi likipakuliwa hubaki tupu, lakini picha ukiipakua inabaki kule kule ilikokuwa. Mimi naona neno limehama na mwelekeo wake, likauacha upungufu nyuma. Lugha haichukui maana nzima kila inapokihamisha kitu. Tazama neno "simu" lenyewe: limetoka kwa Waajemi, na maana yake ni waya. Hiyo uliyonayo mkononi haina waya, na hakuna anayeona haya kuiita simu. Kama unatafuta kinachopungua ukipakua, ni bando lako. Na kinachojaa ni nafasi ya simu, kama sinia linavyojaa.

Wapo wanaosema "kudaunilodi", na wapo wanaosema "kushusha" wimbo. La pili ni Kiswahili safi na linaeleweka. La kwanza silipigi vita kwenye mazungumzo, ila sioni haja yake pale ambapo tunalo neno la mama zetu.

Kusasisha halikuwamo kwenye vitabu vyako vya skuli, lakini limejengwa kwa kanuni unayoitumia kila siku. Kilicho safi umekisafisha, kilicho sahihi kimesahihishwa, kilicho rahisi kimerahisishwa. Basi kilichofanywa kiwe cha sasa kimesasishwa. Mwanzoni sikio linakataa, kwa kuwa "sasa" tumeizoea kutaja wakati tu, lakini kitenzi chenyewe kimesimama vizuri. Usilichanganye na kuhuisha: leseni iliyokwisha muda wake inahuishwa, programu iliyopitwa inasasishwa.

Waliosasisha programu ya Twitter baada ya Julai 2023 walimkuta yule ndege wa buluu hayupo, mahali pake ipo herufi X. Ile ndiyo kazi ya sasisho, kuleta hali ilivyo leo hata kama hukuiomba. (Kama bado husema "kutwiti", endelea. Jina la duka limebadilika, kitenzi kimeshakaa midomoni mwa watu.)

Kati ya kupakua na kusasisha lipo neno moja ambalo mwanao hakukwambia, kusakinisha. Programu ukishaipakua huwa imefika gatini tu, bado kuingizwa nyumbani ikae na ifanye kazi. Kusakini ni kukaa mahali, na mzizi wake ndio huo huo wa maskani tunakokusanyika jioni. Ndiyo maana nashikilia "kusakinisha", ingawa utaliona pia "kusanikisha" limeandikwa na wengi. Katika hilo la pili siioni maskani.

Na simu yako, mama, itazame vizuri kabla ya kumlaumu mtu. WhatsApp imeshaacha kufanya kazi kwenye simu zenye Android (mfumo unaoiendesha simu) ya namba 4.4 na za kabla yake. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu inayoeleza habari za simu, usome namba ya Android. Ikiwa ni 4.4 au chini ya hapo, hata ukipakua mara kumi haitakufaa, mpaka simu yenyewe isasishwe au ibadilishwe. Ikiwa ni ya juu zaidi, fanya alivyokwambia mwanao: ipakue, isakinishe, kisha uiache ijisasishe.

Ukiona ni kazi kubwa, msubiri aje likizo umpe simu umwambie, "Mwanangu, nipakulie." Na picha za harusi alizozipakia, mwambie umezipakua.