Kwa walimu wa mazoezi, kabla hamjaandika neno refu ubaoni

Wiki iliyopita nilisimama karibu na dirisha la Kidato cha Kwanza, mkondo B, hapa Kigoma, nikimsikiliza mwalimu wa mazoezi ambaye andalio lake la somo lilikuwa limekwisha dakika kumi na tano kabla ya kengele. Aliandika CHAKULA ubaoni, akawaambia wanafunzi waunde maneno madogo kutokana na herufi zake. Mwanafunzi wa kwanza alisema "kula", wa pili akasema "halua", na mwalimu akayaandika yote mawili kwa furaha, mpaka msichana mmoja wa mbele alipouliza: ikiwa h imechomolewa kwenye ch, ile c iliyobaki inakwenda wapi? Mwalimu akalifuta neno "halua", upande wa kulia ukapiga kelele. Akalirudisha, upande wa kushoto ukapiga kelele zaidi. Na kengele ikamkuta ameinua dasta juu kama mtu anayeaga meli. Nilicheka, kisha nikaona aibu, kwa kuwa dasta hiyo nimewahi kuishika mimi.

Kila mwaka mnakuja wapya, mnapendeza, mmebeba maazimio ya kazi yaliyopigwa mistari kwa rula, na kila mwaka mnajikwaa kwenye kisiki kile kile. Nimechoka kumweleza mmoja mmoja ofisini, kwa hiyo nayaandika.

1. Tangazeni sheria ya herufi kabla ya kuandika neno. Alfabeti tunayofundisha ina ch, lakini haina c inayosimama peke yake, kwa hiyo mimi huihesabu ch kuwa herufi moja isiyovunjwa, ilhali sh naruhusu ivunjwe kwa sababu s na h zote zinajitegemea. Anayetaka kinyume chake na afanye, mradi asiamue katikati ya makelele. Ritifaa nayo inahitaji uamuzi: mkiliandika NG'OMBE, watawaletea "ngome" na "gome", nami huyapokea kwa kuwa mchezo huu ni wa herufi wala si wa sauti. Kisha, kwa kuwa tupo Kigoma, mtu atanyoosha mkono na kusema "Gombe", na darasa zima litakumbuka hifadhi ya sokwe. Majina ya mahali hatuyapokei. Nilikuwa nimekwisha kulikataa neno hilo siku moja, pale binti mmoja aliposimama na kueleza, bila haraka yoyote, kwamba yeye hakutaja hifadhi bali ng'ombe mkubwa, akanikumbusha kipindi cha ukubwa na udogo wa nomino nilichofundisha mwenyewe Jumanne ya wiki hiyo. Nilimpa alama yake, na nikakaa.

2. Chagueni neno lenye irabu nne au zaidi, zisizofanana kama inawezekana, maana maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu na neno lenye irabu chache hukauka mapema.

3. Vitenzi. Hapa naomba mnivumilie.

Katika mwaka wangu wa pili kazini niliandaa shindano la mwisho wa muhula kati ya mikondo miwili, zawadi ikiwa madaftari makubwa sita. Asubuhi hiyo nilikuwa nimenunua samaki waitwao migebuka kwenye mwalo wa Kibirizi, kwa hiyo niliandika MIGEBUKA: herufi nane, hakuna inayojirudia, irabu nne. Hadi leo sijapata neno bora kuliko hilo. Kulikuwa na "mbegu", "mbega", "mbuga", "bega", "kambi", "kigae", "mkia", "kumi", na hata "umbea", ambalo lilipatikana haraka kuliko yote.

Kijana mmoja mkimya alileta maneno ishirini na matatu. Saba kati ya hayo yalikuwa haya: geuka, ibuka, imba, umba, gema, iga, uma. Niliyatazama, na kwa kuwa sikuwa nimetangaza sheria yoyote, nilitunga moja papo hapo mbele ya wanafunzi zaidi ya themanini: kitenzi kisicho na ku- si neno kamili. Nikapiga mistari saba myekundu. Akabakiwa na maneno kumi na sita, na mwenzake wa mkondo wa pili akawa mshindi kwa maneno kumi na saba. Kijana alikuja mezani, akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, geuka si neno?" Nami nikamjibu, "Geuka, ukakae."

Darasa lilicheka. Nilidhani linamcheka yeye.

Usiku nilifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo nilikuwa nimeitumia mwaka mzima bila kutafakari namna ilivyopangwa. "Geuka" limo kwenye G, "imba" limo kwenye I, wala hakuna anayelitafuta kwenye K kwa sababu ya "kugeuka" na "kuimba". Nilipofika kwenye "uma" nikaona kwamba hata kwa sheria yangu mbovu nilimdhulumu, maana uma ni nomino pia, ile ya mezani. Kisha nikaichukua karatasi ya mshindi na kuikuta "embe" katikati, limewekewa alama ya tiki kwa mkono wangu. Hesabuni E katika MIGEBUKA. Nililipitisha kwa sababu ni neno zuri, na macho huona kile moyo unachokipenda. Kwa hiyo, kwa sheria yoyote ile, yangu au ya kamusi, yule kijana alikuwa ameshinda.

Siku ya pili nilinunua madaftari sita kwa fedha yangu, nikaeleza kosa langu mbele ya mikondo yote miwili, nikamkabidhi. Aliyapokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mwalimu." Hakushiriki tena mchezo huo hadi alipomaliza Kidato cha Nne, kila nilipoandika neno refu aliomba awe mtunza muda.

Sheria yangu ya sasa ni kwamba kitenzi kinapokelewa katika umbo lake la kamusi tu. Mkiruhusu "aige", "aimbe" na "uimbe" mtahesabu mpaka jioni, kwa jinsi lugha yetu inavyopachika viambishi.

4. Kateni kadi za herufi kutoka kwenye maboksi ya sabuni, ili mwenye kudai "embe" atafute mwenyewe E ya pili mezani.

5. Neno la Kiha, au la lugha nyingine ya nyumbani, lisichekwe; muulizeni maana yake, liandikeni pembeni, lisihesabiwe. Na kamusi iwe mezani tangu mwanzo, si baada ya ugomvi.

Yule mwalimu wa CHAKULA alikuja ofisini jana saa nne, akaomba kamusi na bahasha yangu ya kadi, akasema leo anataka kuwapa MIGEBUKA. Nimempa, lakini kwanza nilizimwaga kadi mezani tukazihesabu pamoja, zikawa nane. Aliuliza kama "ukemi" ni neno. Nimemwambia aangalie kwenye U.