Kampuni haikujui: maswali ya wenye magari ya umeme Lubumbashi

Barua za wiki hii karibu zote zina kilio kimoja: gari liko hapa, aliyelitengeneza yuko mbali, na kila anayeulizwa anamtupia mwingine mpira. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na majirani.

Fundi, nina Nissan Leaf ya 2013, ilitoka Japani ikapitia Dar es Salaam. Maandishi yote ni ya Kijapani, programu ya simu haifunguki, na vistari vya batri vimebaki 8. Nimwandikie nani? (Mama wa Bel-Air)

Mama, usimalize mega zako kuwaandikia Nissan. Gari lako waliliuza Japani kwa Mjapani, na kwenye vitabu vyao wewe haumo. Programu ya simu isikuumize kichwa: hata Uingereza, kwa watu walionunua gari jipya dukani, Nissan walifunga huduma hiyo Aprili 2024 kwa Leaf zilizotengenezwa kabla ya 2016, kwa kuwa kifaa kilichomo kinategemea mtandao wa 2G ambao unazimwa. Maandishi yapige kwa kamera ya simu inayotafsiri, uandike kwenye karatasi kitufe kipi kinafanya nini, uibandike karibu na usukani. Basi.

Vistari ndivyo vya kuangalia. Leaf mpya ina 12. Cha kwanza hupotea batri ikishapungua kama asilimia 15, na kila kinachofuata ni asilimia 6 na kidogo. Batri hiyo haina maji ya kuipoza, kwa hiyo joto letu la Oktoba linaila polepole. Nchi kadhaa zilipewa garanti kwamba vikishuka chini ya 9 ndani ya miaka 5 batri itatengenezwa, lakini la kwako muda umekwisha zamani. Tafuta kidude cha Bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani, weka programu ya LeafSpy kwenye simu, utaona hali ya kila jozi ya seli, zote 96. Zikiwa zimelegea jozi moja au mbili tu, moduli, yaani kipande cha batri, kutoka Leaf iliyogongwa inaweza kukuokoa. Zikiwa zimechoka zote sawasawa, hakuna dawa ya bei rahisi, na anayekuahidi hiyo anatafuta pesa ya bia.

Nasikia kuna magari ya umeme yaliyoitwa yarudi kwa sababu ya moto. Langu nililinunua Kasumbalesa, mkononi mwa mtu. Nitajuaje kama limo? (Ndugu wa Kampemba)

Ulichosikia ni kweli. Lililovuma zaidi ni Chevrolet Bolt: mwaka 2020 General Motors waliita baadhi yake, na Agosti 2021 wakaita yote yaliyokuwa yametoka, karibu 142,000. Seli za LG zilikuwa na kasoro mbili ambazo zikikutana ndani ya seli moja zinaweza kuwasha moto. Hyundai nao mwaka 2021 waliita karibu magari 82,000 duniani, mengi yake ni Kona.

Shida yako, ndugu, ni kwamba barua ya mwito humfuata mtu ambaye jina lake limeandikwa kule gari lilikouzwa. Imefika kwake, ameisoma, pengine aliuza gari kwa sababu hiyohiyo.

Fanya hivi. Soma namba ya shasi iliyo kwenye gari; mengi huwa nayo pembeni ya kioo cha mbele. Ikiwa na herufi na tarakimu 17 na gari liliuzwa Marekani, iingize kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la usalama barabarani la Marekani, ni bure. Ikiwa fupi, inaanza na ZE0 au AZE0 kisha kistari na tarakimu, hiyo ni Leaf ya soko la Japani. NHTSA haitaitambua kabisa, itafute kwenye tovuti ya Nissan ya Japani. Na hapa wengi wanadanganyika: unaingiza namba ya gari la Ulaya kwenye tovuti ya Wamarekani, hupati kitu, unafurahi. Kutokupata kitu hapo hakumaanishi gari ni zima, kunamaanisha umebisha nyumba isiyo yake.

Ukikuta mwito bado haujafanyiwa kazi, liandikie duka rasmi la chapa hiyo, Zambia au Afrika Kusini, ukiweka namba ya shasi, na usubiri jibu la maandishi kabla ya kupanda barabara. Wengine hukubali, wengine hukataa gari ambalo hawakuliuza wao. Wakati unangoja, fuata walichoambiwa wenye Bolt: usichaji kupita asilimia 90, usiache batri ishuke sana, ukimaliza kuchaji egesha nje. Muuzaji akisema "lilisharekebishwa", mwambie akuonyeshe karatasi.

Gari lilijisasisha usiku kwa Wi-Fi ya nyumbani. Asubuhi kilomita zimepungua. Wameniibia? (Baba wa mtaa wa Golf)

Baba, yawezekana. Mwaka 2019 Tesla walituma sasisho lililopunguza volti ya juu ya batri kwenye baadhi ya Model S. Wenye magari wakaenda mahakamani, na 2021 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 1.5, za mawakili zikiwamo: magari 1,743, dola 625 kwa kila mmoja. Kwa hiyo hujaota.

Lakini kilomita za kwenye skrini ni makisio tu. Wiki uliyoendesha kwa kasi na kiyoyozi kikiwaka, zinashuka zenyewe. Ushahidi ni asilimia. Chaji ijae, nenda Likasi kwa mwendo wako wa kawaida, piga picha ya skrini unapotoka na unapofika. Picha hizo uwe nazo kabla ya sasisho lijalo, maana baada yake huna cha kulinganisha. Mimi sasisho la breki au batri nalipokea. La muziki na rangi za skrini linaweza kungoja wenzangu walijaribu kwanza.

SNEL, shirika la umeme, wakikata katikati ya kupakua, hakuna hatari, litaendelea baadaye. Ila batri ndogo ya volti 12 ikiwa imechoka, usiruhusu sasisho lisakinishwe.

Hyundai Ioniq 5 yangu imekufa kabisa, hata milango haifunguki kwa rimoti. Batri ilikuwa asilimia 80! (Mama wa Katuba)

Iliyokufa ni hiyo ndogo, mama. Fungua mlango kwa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, kisha weka testa kwenye vichwa vya batri ya volti 12. Gari likilala, 12.6 ni nzima; chini ya 12, imeisha. Iazime umeme kutoka gari lingine, washa, pima tena. Ikipanda juu ya 13, nunua batri mpya, pengine shida itakuwa imeisha. Isipopanda, kifaa kinachoichaji kimeungua. Kasoro hiyo iliwafanya Hyundai na Kia waite karibu magari 147,000 Marekani Machi 2024, kwa hiyo rudi juu ukasome jibu la namba ya shasi.

Fundi wa mtaani anataka kufungua batri kubwa aiangalie. (Kijana wa mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi)

Asifungue. Mle kuna volti mia tatu na zaidi, na kutoa waya wa batri ndogo hakuzizimi.

Kobalti ya batri inatoka Kolwezi, karakana za kampuni hizi ziko wapi? Na ninunue gari gani? (Baba wa Rwashi)

Karakana hufuata wanunuzi, hazifuati madini. Tena BYD nyingi zinatumia batri za chuma na fosfeti, hazina kobalti hata chembe.

Kuhusu kununua: kimbia gari zuri la kampuni changa. Fisker walifilisika Juni 2024, na wenye gari lao la Ocean, huko huko Marekani, ikabidi waunde chama chao kutafuta vipuri na watu wa kushughulikia programu. Wewe utakuwa peke yako Rwashi. Chukua aina ambayo tayari umeona mbili tatu mjini, na kabla ya kutoa dola, mpigie mmoja wa wenye nazo umuulize ni nani anaweza kuichomekea kompyuta.