Chembe hizo hupimwaje? Majibu kwa wasomaji

Safari hii maswali yote ni ya fizikia ya chembe. Nimeyafupisha, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Kama chembe inavunjika kabla hujapepesa jicho, wanasayansi wanapima nini hasa?

Wanapima mabaki yake. Chukua mesoni B, chembe inayobeba kwaki nzito ya aina ya b (kwaki ni vijenzi vidogo vinavyounda chembe kama protoni). Huishi kwa wastani pikosekunde 1.5, na pikosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa vipande bilioni elfu moja. Ila katika LHC, mashine ya kugonganisha protoni ya kituo cha utafiti cha CERN, iliyochimbiwa chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, B hutoka kwenye mgongano ikikimbia karibu sawa na mwanga, kwa hiyo huwahi kusafiri kama sentimita moja kabla ya kuvunjika. Sentimita hiyo inatosha. LHCb, moja ya majaribio ya LHC, lina kitambuzi cha silikoni kilichokaa milimita chache tu kutoka kwenye mkondo wa protoni, nacho huchora njia za vipande vinavyoruka. Ukizifuata njia hizo kinyumenyume utaona zinakutana pembeni kidogo ya mahali protoni zilipogongana. Hapo ndipo B ilipovunjika.

Kisha kuna sumaku kubwa. Chaji chanya inapindia upande mmoja, hasi upande wa pili, na njia iliyopinda kidogo ni ya chembe yenye momenta kubwa, yaani msukumo mkubwa wa mwendo. Ukijumlisha nishati na momenta za vipande vyote unapata tungamo la mzazi wao. Tukio moja halikuambii kitu. Yakiwa mamia ya maelfu, kwenye grafu kinajitokeza kichuguu kwenye GeV 5.28 (GeV ni kipimo cha nishati ambacho hutumika kwa tungamo pia), takriban mara 5.6 ya tungamo la protoni.

Kila nikisoma habari za CERN nakuta mambo ya "kutolingana" kwa chembe. Kwa nini wasihesabu tu zilizopatikana wakamaliza?

Wanahesabu, ila wanahesabu makundi mawili, kwa mfano chembe na antichembe, au zilizokwenda mbele na zilizokwenda nyuma. Toa idadi ya kundi la pili kwenye la kwanza, kisha gawanya kwa jumla ya yote mawili. Basi, huko ndiko kutolingana. Faida yake ni kwamba usilolijua vizuri, kwa mfano mihimili imegongana mara ngapi hasa, lipo kwenye kiasi na lipo kwenye asili ya sehemu hiyo, kwa hiyo linajifuta lenyewe.

Mfano mzuri ni LEP, mashine iliyotangulia LHC katika handaki lilelile la kilomita 27. Kuanzia 1989 hadi 2000 iligonganisha elektroni na positroni, yaani antichembe zake, pacha zenye chaji kinyume, na majaribio yake manne yalikusanya chembe za Z, zinazobeba nguvu dhaifu, moja ya nguvu za msingi za asili, zipatazo milioni 17. Z ikivunjika na kutoa kwaki b, kwaki hiyo hupendelea kidogo kwenda upande ule elektroni ilikokuwa inaelekea. Tofauti ya mbele na nyuma ni karibu asilimia 10. Kule Stanford, Marekani, walipita njia nyingine: walitumia elektroni zilizopangwa mzunguko wake, yaani zinavyojizungusha kulinganisha na zinakoelekea, mara za mkono wa kushoto, mara za mkono wa kulia, wakaona zile za kushoto zinazalisha Z nyingi zaidi.

Vipimo hivyo viwili vinaingia kwenye namba moja, ile inayoeleza jinsi nguvu ya umeme na sumaku inavyochanganyika na nguvu dhaifu. Stanford walipata 0.23098. Kwaki b za LEP zikatoa 0.23221. Unaweza kusema hiyo ni tofauti ya nini, lakini ni karibu mara tatu ya shaka ya vipimo vyenyewe, yaani kiasi ambacho vinaweza kukosea. Ripoti ya mwisho ilitoka 2006, mashine zote mbili zikiwa zimeshafungwa, na hadi leo hakuna aliyeonyesha nani kakosea. Kwa maoni yangu jambo hili linastahili kelele zaidi ya zile zinazopigiwa "chembe mpya" za kila msimu.

Mnajuaje kwamba tofauti hiyo ni ya asili na si kasoro ya mashine?

Hili ndilo swali lenyewe, na ndilo linalokula muda mwingi wa watu wa fani hii. Mashine haina haki. Kitambuzi chenyewe ni maada tupu, hakina antimaada ndani yake. Kaoni, aina nyingine ya mesoni, yenye chaji hasi ikipita kwenye chuma au silikoni hugongana na viini vya atomi mara nyingi zaidi kuliko kaoni chanya, hivyo utahesabu pungufu upande mmoja hata kama asili haijapendelea yeyote. Isitoshe, LHC inagonganisha protoni kwa protoni. Hakuna antiprotoni, basi tangu mwanzo chembe na antichembe hazizaliwi kwa idadi sawa kabisa.

Dawa ya kwanza ni kugeuza sumaku. LHCb hukusanya data kwa muda sumaku ikielekea juu, kisha inageuzwa kuelekea chini, na kuendelea hivyo. Muuza nafaka anayeishuku mizani yake ya sahani mbili huhamishia jiwe kulikokuwa na nafaka na nafaka kulikokuwa na jiwe. Hapa ni vivyo hivyo: chembe zilizokuwa zikipindia kulia sasa zinapindia kushoto, na kama upande mmoja wa kitambuzi ni dhaifu, udhaifu huo unaangukia chembe za chaji zote mbili.

Dawa ya pili ni ya kijanja zaidi. Mwaka 2019 LHCb walitangaza kwamba mesoni D isiyo na chaji na antichembe yake hazivunjiki sawasawa. Waliangalia njia mbili za kuvunjika: kutoa kaoni mbili, na kutoa pioni mbili, ambazo ni mesoni nyepesi zaidi. Ili kujua kama iliyozaliwa ni D au anti-D ilibidi waangalie chaji ya chembe nyingine iliyoandamana nayo, na hapo ndipo upendeleo wa kitambuzi unapoingia. Lakini unaingia kwa kiasi kilekile katika njia zote mbili. Wakatoa kutolingana kwa moja kwenye kwa nyingine, upendeleo ukafutika, ikabaki asilimia 0.154, kwa shaka ya 0.029. Kuukamata upungufu mdogo namna hiyo kwa kutumia mashine unayojua wazi kwamba ina upendeleo ni kazi ya kuvuliwa kofia.

Ni kweli mwezi huvuruga vipimo, au ni porojo?

Ni kweli, na ilitokea LEP. Mvuto wa mwezi unaoleta maji kujaa na kupwa huinua na ardhi kidogo, na mzingo wa ile pete ya kilomita 27 ulikuwa ukibadilika kwa kama milimita moja. Hiyo ilitosha kusogeza nishati ya mihimili hadi vipimo vya Z vikaguswa. Kina cha maji cha Ziwa Geneva nacho kilihusika.

Halafu zikaja treni. Waligundua sumaku zinabadilikabadilika mchana na kutulia usiku wa manane. Mwaka 1995 chanzo kikajulikana: umeme wa reli, zikiwemo treni za kasi za TGV zitokazo Geneva, ulikuwa ukivuja ardhini na kupita kwenye bomba la mashine. Yote yakasahihishwa, na tungamo la Z likatoka GeV 91.1876, kwa shaka ya 0.0021 tu.

Nakumbuka 2011 Wamarekani walisema kwaki nzito kuliko zote imevunja kanuni za fizikia. Iliishia wapi?

Iliishia kwa kanuni kusalimika. Tevatron, karibu na Chicago, iligonganisha protoni na antiprotoni, kwa hiyo mbele na nyuma zilikuwa na maana iliyo wazi. Jaribio la CDF liliona kwaki t, ndiyo hiyo nzito kuliko zote, zikifuata mwelekeo wa protoni kupita kiasi. Kwaki t huzaliwa pamoja na antichembe yake, na kwa jozi zenye nishati kubwa walipata kutolingana kwa asilimia 47.5, kwa shaka ya 11.4, wakati hesabu za nadharia zilitegemea 8.8. Wananadharia wakamwaga makala, kila mmoja na chembe yake mpya.

Data zote zilipochambuliwa, 47.5 ikashuka hadi 29.5. Kwa upande wa pili, hesabu ya nadharia kwa jozi zote kwa pamoja ilifanywa upya kwa ukamilifu zaidi, ikapanda hadi 9.5. Vipimo vya mwisho vya jozi hizo zote kutoka CDF na D0, jaribio la pili la Tevatron, vikiunganishwa vinatoa 12.8 kwa shaka ya 2.5. Hapo hakuna ugomvi tena.

Kwa nini wanang'ang'ania sigma 5?

Kwa sababu sigma moja ni shaka moja ya kipimo, na sigma 5, kiwango cha kutangaza ugunduzi, maana yake ni kwamba, kama hakuna kitu kipya, bahati tupu ingekupa matokeo kama hayo mara moja tu katika milioni 3.5. Ile ya 2011 ilikuwa sigma 3.4.

Je, haya yanaeleza kwa nini ulimwengu una maada na si utupu?

Kwa sehemu ndogo. Kwamba asili inabagua kati ya maada na antimaada ilionekana mwaka 1964 kwenye kaoni, na mwaka 2025 LHCb wakaionyesha kwa mara ya kwanza kwenye barioni, familia ya protoni na nyutroni, kwa kutolingana kwa asilimia 2.45. Lakini ubaguzi unaotokana na kanuni tunazozijua ni mdogo mno kueleza maada yote tunayoiona. Kuna chanzo kingine hakijapatikana.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nina kompyuta ndogo tu. Naweza kujaribu mwenyewe?

Unaweza, na bila malipo. CERN wameweka data wazi mtandaoni, na kwenye tovuti hiyo kuna zoezi la LHCb kutumia data ya 2011, mesoni B zikivunjika na kutoa chembe tatu. Ukijua Python kidogo utaliweza. Utakuta mafaili mawili, moja la sumaku juu na jingine la sumaku chini. Anza kwa kukokotoa kutolingana kwa kila faili peke yake. Yakitofautiana sana, tafuta kosa kwenye programu yako kabla ya kuanza kuandika hotuba ya kupokea tuzo.