Ol Doinyo Lengai: mlima unaotoa lava ya magadi

Barua zilizotufikia kuhusu mlima huu ulio kusini mwa Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, ni nyingi. Tunajibu nne.

Je, ni kweli kwamba lava yake haina joto kali kama ya volkano nyingine?

Ni kweli. Lava ya basalti, ile ya kawaida ya volkano nyingi, hutoka ikiwa na nyuzijoto 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi, ilhali ya Lengai huwa na 500 hadi 600 hivi, na kwa sababu hiyo mchana huonekana nyeusi kama tope, haiwaki wekundu tuliouzoea pichani. Karibu haina kabisa silika, kiambato kinachofanya lava nyingine kuwa nzito. Imejaa kaboneti za sodiamu, kalisi na potasiamu, yaani, kwa lugha nyepesi, ni magadi yaliyoyeyuka, nayo hutiririka upesi karibu kama maji. Hakuna volkano hai nyingine duniani inayojulikana kutoa lava ya namna hii. Moja ya madini yake makuu huitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, jambo ambalo naona lingestahili kufundishwa katika kila darasa la jiografia nchini.

Weupe wa kileleni ni theluji?

Sivyo. Lava hiyo hunyonya unyevu wa hewa na wa mvua, ikageuka nyeupe kwa muda wa saa au siku chache, kisha ikabomoka.

Ikiwa lava ni nyepesi hivyo, mlima wenye miteremko mikali namna hiyo ulijengwaje?

Msomaji huyu ameuliza jambo ambalo wengi hulipita. Magadi ni ngozi tu. Mwili wa mlima, unaofikia kimo cha takriban mita 2,960, ni tabaka juu ya tabaka za majivu yaliyoshikamana, pamoja na lava ya fonoliti na nefelinaiti, miamba yenye silika iliyorushwa au kumwagwa katika vipindi vikali kuliko utulivu unaovutia wapiga picha.

Vipindi hivyo vikali vilitokea lini, na je, vimekwisha?

Katika karne iliyopita mlima ulilipuka mwaka 1917, 1940 hadi 1941, na 1966 hadi 1967. Kuanzia 1983 ulimwaga lava ya magadi kwa upole, hata kreta, yaani shimo la kileleni, ikajaa na kufurika. Kisha, Julai 2007, magma, yaani mwamba ulioyeyuka ungali chini ya ardhi, ilipenya ardhini karibu na mlima jirani wa Gelai, matetemeko yakafuatana, na tarehe 4 Septemba Lengai ukalipuka na kurusha majivu juu angani, hali iliyoendelea hadi 2008. Wanajiolojia wanaeleza kwamba magma mpya yenye silika ilipanda ikachanganyika na ile ya magadi, kaboneti zikavunjika, na gesi ya kaboni dioksidi iliyotoka kwa wingi ndiyo iliyosukuma mlipuko. Kreta ya zamani iliyokuwa imejaa ikageuka shimo refu lililozungukwa na koni mpya ya majivu. Havijakwisha: mlima ungali hai, na baada ya mlipuko huo lava ya magadi ilirudi kutiririka ndani ya shimo hilo.