Photoshop kusahau mipangilio: anza na umeme

Pole sana ndugu. Umesema brashi na akshoni (hatua ulizorekodi ili Photoshop izirudie yenyewe) ulizotengeneza mchana, kesho yake ukifungua Photoshop hazipo, na kwenu umeme hukatika kila mara. Nadhani chanzo ni huo umeme. Photoshop huandika mipangilio yake kwenye diski pale unapoifunga kwa njia ya kawaida. Kompyuta ikizimika ghafla, au programu ikiganda ukailazimisha kufunga, mabadiliko uliyofanya tangu uifungue hupotea. Inauma, hasa ukiwa katikati ya picha za harusi ya watu.

Kwa hiyo ukishatengeneza kitu cha maana, funga programu, ifungue tena, ndipo uendelee na kazi. Na usiache kuweka nakala pembeni. Kwenye paneli ya Actions bofya seti nzima, maana ukibofya akshoni moja tu, Save Actions haitakubali, kisha ihifadhi kama faili la .atn kwenye flashi. Brashi nazo zihifadhi nje ya programu kama faili la .abr.

Kama inasahau hata ukiifunga vizuri, huenda faili la mipangilio limeharibika. Shikilia Ctrl, Alt na Shift kwa pamoja mara tu unapoiwasha, nayo itakuuliza kama ulifute. Kubali, lakini nakala ziwe tayari kwenye flashi, kwa sababu hapo mipangilio yako yote inarudi kama ilivyokuwa siku ya kwanza.