Mama amegawa zawadi niliyompa: je, nina haki ya kuudhika?

SWALI: Assalamu alaykum warahmatullah, sheikh wangu. Mimi nafanya kazi Muscat, mama yuko Pangani, baba alishafariki. Likizo ya mwaka jana nilimpelekea simu ya kisasa na mkufu wa dhahabu. Haikupita miezi miwili nikasikia simu kampa mdogo wetu wa mwisho, na mkufu kauuza, fedha kampa dada amlipie mwanawe ada ya chuo. Nilipandwa na hasira, nikampigia nikamwambia maneno ambayo sasa nayajutia. Je, si haki yangu kuuliza? Na mwaka huu ndugu zangu wanataka tumpe zawadi Siku ya Mama, mwezi wa Mei. Inafaa? Na nimpe kitu gani ambacho hatakigawa?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Alhamdulillah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad.

Mwanangu, nianze na hayo maneno uliyomwambia, maana ndiyo mazito kuliko mkufu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, zawadi ikishakabidhiwa na kupokewa imetoka katika mali yako. Mwenyewe ana hiari: avae, auze, agawe, au aifungie kabatini mpaka ipate kutu. Katika hadithi ya Ibn Abbas iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amemfananisha anayerudia zawadi yake na mbwa anayerudia matapishi yake. Utasema hukuudai mkufu. Kweli, lakini ukimuuliza mzazi “kwa nini umeuza?” bado umeushika upande mmoja. Na Suratul Baqara, aya ya 264, inatukataza kuziharibu sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Ikiwa masikini asiyekuhusu hasimbuliwi, itakuwa mama? Mpigie umwombe radhi. Usimwandikie ujumbe, mpigie, aisikie sauti yako.

Halafu hebu utazame upya huo mkufu. Haukupotea. Sasa hivi unasoma chuo, na nataraji kwa Mwenyezi Mungu una fungu lako katika thawabu zake.

Lipo jambo hukuniuliza nami nitalisema. Mama asiye na kipato, na mtoto ana ziada, nafaka yake, yaani matunzo yake, ni wajibu juu ya huyo mtoto: chakula, mavazi, makazi, matibabu. Wengi wetu tulio mbali tunanunua gunia la mchele na dawa za presha, tukaviita zawadi. Ile ni haki yake. Zawadi huanzia pale nafaka inapoishia, na mara nyingi mama akiuza alichopewa, ndani ya nyumba kuna pengo ambalo ameona haya kulisema. Muulize dada yako kwa siri. Wala usidhani ukiliziba umemlipa. Mtu wa Yemen alimbeba mama yake mgongoni akitufu naye Al-Kaaba, akamuuliza Ibn Umar, sahaba na mwana wa Khalifa Umar, kama amemlipa. Akajibiwa: hapana, hata pumzi moja ya uchungu wake.

Sasa hiyo Siku ya Mama. Asili yake ni Marekani. Bi Anna Jarvis aliianzisha mwaka 1908 huko West Virginia kumkumbuka mama yake, na mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson akaitangaza kuwa Jumapili ya pili ya Mei. La ajabu, bibi huyo mwishowe aliipiga vita mwenyewe, kwa kuona wafanyabiashara wameigeuza soko la kadi na maua. Wanachuoni wamekhitalifiana. Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudia ameikataza, kwa hoja kwamba sikukuu zetu Waislamu ni zile zilizowekwa na sharia. Dar al-Ifta, taasisi ya fatwa ya Misri, haikuona ubaya, kwa kuwa si ibada bali ni desturi ya kumshukuru mzazi. Mimi moyo wangu unaelemea kumpa siku isiyo na jina, akashtukia tu mgeni na kifurushi mlangoni. Lakini ndugu zako wakichanga mwezi wa Mei, changa nao. Kuvunja undugu kwa ajili ya tarehe ni hasara kubwa zaidi.

Nimpe nini, unasema. Nikusimulie kosa langu. Niliwahi kumnunulia marehemu mama yangu birika la umeme, zuri, linazima lenyewe maji yakichemka. Kila nikienda nalikuta juu ya kabati, limefunikwa kitambaa cha kufuma, na chai inachemshwa kwenye jiko la mkaa. Siku moja nikamuuliza. “Mwanangu, hili linakula LUKU.” Nilikuwa nimempelekea mzigo, nikauita zawadi. Simu yako nayo huenda ilikuwa hivyo hivyo: inataka bando kila wiki, na herufi zake ndogo kama chawa.

Umeniomba kitu asichokigawa. Mimi nakwambia kwanza mpe cha kugawa. Mama mwenye mkono wazi hufurahi akiwa na cha kutoa. Mpelekee doti kumi za khanga, awape wenziwe wa darsa. Mpelekee tende kabla ya Ramadhani, majirani wapite kwake. Ibn Umar alikutana njiani na bedui ambaye baba yake alikuwa rafiki wa Umar, akampa punda na kilemba chake, kwa kuwa kuwaenzi wapenzi wa mzazi ni katika wema mkubwa. Basi wenziwe wa mama yako wangali hai, na mwenyewe yupo wa kuwakabidhi kwa mkono wake.

Kisha mfanyie kile kisichogawika. Miwani iliyopimwa kwa macho yake na msahafu wa maandishi makubwa. Kiti cha kuswalia, kama kusujudu chini kunamtesa. Na choo cha kukaa! Tunawavisha mama zetu dhahabu, na alfajiri wanachutama kwa kushikilia ukuta. Tafuta fundi wa hapo hapo Pangani, mpatane bei mapema, na mama asiijue. Akiijua atakwambia fedha hizo mpe mdogo wako.

Wallahu aalam.